Mabehewa yanaachana kwenye daraja la meli: tuanzie wapi?

SWALI: Tuko watatu, tunakaa Kirumba, Mwanza. Tumeanza kujenga mfano mdogo wa Mwanza South: yadi ya treni, gati na meli ya kubebea mabehewa. Tuna plaiwudi moja nzima ya futi 8 kwa 4, reli za milimita 16.5, kichwa kimoja cha skeli ya HO na mabehewa sita. Daraja letu la kuingilia melini lina urefu wa sentimita 20, na sitaha iko chini ya gati kwa milimita 12. Mabehewa yanaachana pale pale darajani, mengine yanaanguka. Kichwa nacho kikikaribia gati kinapunguza mwendo hadi kinasimama. Halafu mwenzetu mmoja anashikilia kwamba reli zetu ni pana mno kwa treni ya Mwanza. Tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu zangu wa Kirumba, anzeni na huyo mwenzenu anayewasumbua na upana wa reli, kwa sababu yuko sahihi, na kwa sababu reli za melini zikishalehemewa hakuna atakayetaka kuzing'oa.

Reli inayofika Mwanza kutoka Tabora, iliyokamilika mwaka 1928, ina upana wa milimita 1,000 kati ya reli na reli. HO ni skeli ya 1 kwa 87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87. Gawanya 1,000 kwa 87 unapata 11.5. Reli zenu za 16.5 mkizikuza mara 87 zinakuwa takriban 1,435, na hiyo ndiyo geji (upana kati ya reli na reli) ya SGR, reli mpya ya kisasa. Kwa hiyo mmejenga bandari ya Mwanza South yenye reli ya SGR, na jicho la mtu aliyekulia karibu na yadi ile linaona kasoro hata kama hajui kuitaja: behewa linaonekana halizidi sana upana wa reli kwa pande zote mbili, kama mabehewa ya reli ya zamani yanavyozidi.

Mna njia tatu. Ya kwanza ni kuvumilia. Msione aibu: Waingereza wanajenga treni za 1 kwa 76 juu ya reli hizo hizo za 16.5, ambazo kwao ni nyembamba kupita kiasi (ingetakiwa 18.83), na wameishi hivyo miaka mingi bila kuvunja urafiki. Ya pili ni kubaki na HO lakini kutumia reli za milimita 12, mtindo unaoitwa HOm. 12 mara 87 ni 1,044, tofauti ambayo hakuna macho yatakayoiona. Ya tatu ni kubaki na reli zenu na kubadilisha skeli: mabodi mapya ya 1 kwa 64 juu ya bogi (vigari vya magurudumu vilivyo chini ya behewa) na injini mlizonazo. Hapo 16.5 inakuwa 1,056, na treni inakaa vizuri sana. Tatizo la njia ya tatu ni nafasi. Behewa la mita 12 lenye sentimita 14 katika HO linakuwa karibu sentimita 19, na meli inavimba kwa kiasi hicho hicho.

Kwa meli ndani ya chumba cha Kirumba, mimi naipa kura njia ya pili. Na reli mlizonunua msiziuze. Kipande cha SGR cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ndicho kitakachofanya Mwanza iwe na geji mbili, na katika mfano wenu reli za 16.5 zikiwekwa nyuma ya ubao, juu kidogo, na nguzo za umeme, zinakuwa SGR halali bila kubadilisha hata milimita moja. Mbele reli ya zamani, nyuma SGR. Hicho kichwa chenu kimoja kitapata kazi huko.

Reli za milimita 12 zinauzwa kwa ajili ya skeli ya TT, ambayo ni 1 kwa 120. Nunueni zile za kupinda zenye urefu wa takriban mita moja, vipande kumi vinatosha kuanzia. Urefu wa mataruma yake unafaa, lakini yamebanana mno: yako kila milimita 5, wakati kwa mfano wenu ingefaa 7 hadi 8. Kateni kwa wembe vile vishikizo vya plastiki vinavyounganisha taruma na taruma, kisha yasogezeni mojamoja kwa kipande cha mbao cha milimita 7.5 kama kipimo. Ni kazi ya jioni moja kwa kila mita, kazi ya kufanya huku mnapiga soga. Mataruma mengi ya reli ya kati ni ya chuma, kwa hiyo yapakeni rangi ya kutu iliyofifia kwa vumbi. Rangi nyeusi ya plastiki inayokuja kiwandani ndiyo inayofanya reli ya mfano ionekane ya mfano.

Kichwa cha milimita 12 ndicho kitu pekee cha gharama. Kampuni ya Bemo hutengeneza treni za geji ya mita za Uswisi katika HO. Injini ya chini inatumika, bodi ya juu mnaijenga wenyewe kwa karatasi ngumu au plastiki. Mabehewa hayahitaji injini, ni bogi tu za milimita 12 chini ya mabodi mapya. Mabodi mliyonayo, kama ni ya Marekani au Ulaya, ni mapana na marefu kwa reli ya mita. Mabehewa mabapa ndiyo yanayoweza kuokolewa, na mtayahitaji matatu, nitaeleza kwa nini.

Sasa daraja.

Pigeni hesabu ya daraja lenu: milimita 12 kwa sentimita 20 ni mteremko wa asilimia 6, na umevunjika ghafla sehemu mbili, pale linapoanza gatini na pale linapoishia melini. Kinachotenganisha mabehewa ni huo mvunjiko, mteremko wenyewe hauna hatia. Kanuni ni nyepesi. Pimeni umbali kutoka katikati ya bogi hadi ncha ya kiunganishi cha behewa. Kwa mabehewa mengi ya HO ni kama milimita 30. Zidisheni kwa mvunjiko. Milimita 30 mara asilimia 6 ni milimita 1.8. Yaani behewa moja likiwa bado gatini na bogi lake la mwisho liko ukingoni, na jirani yake ameshaingia darajani, viunganishi vyao vimepishana juu na chini kwa milimita 1.8. Kiunganishi cha kujishika chenyewe, mfano wa Kadee, kinaanza kuponyoka tofauti ikikaribia milimita moja. Na hamkuwa mnavuta tu, mlikuwa mnasukuma. Behewa likisukumwa wakati viunganishi vimepandana, linanyanyuliwa bogi la mbele, na behewa jepesi linaruka reli. Ndiyo maana mengine yanaachana na mengine yanaanguka: ugonjwa ni mmoja, dalili mbili.

Dawa ni kurefusha daraja hadi sentimita 40, kupandisha sitaha hadi iwe chini ya gati kwa milimita 6 tu, na kuliacha daraja lijipinde lenyewe.

Chukueni plaiwudi ya milimita 4, upana sentimita 6, urefu sentimita 46. Sentimita 3 za mwanzo zikazwe kwa skrubu mbili juu ya ubao wa gati zikiwa zimelala kabisa. Sentimita 3 za mwisho zikazwe vivyo hivyo juu ya kigingi kilicho chini kwa milimita 6, nazo zikiwa zimelala. Sentimita 40 za katikati msiziguse, msiweke kitu chini yake. Plaiwudi itajipinda kwa umbo la herufi S iliyolala: inaanza tambarare, inashuka taratibu, inarudi tambarare. Katikati mteremko unafika kama asilimia 2.25, lakini hakuna mvunjiko mahali popote, na pale reli inapokatwa kati ya daraja na meli, pande zote mbili zimelala sawa. Hamna haja ya kupiga hesabu ya mkunjo. Mbao inaijua kuliko sisi.

Najua mtauliza: mbona daraja la kweli linapanda na kushuka? Linapanda kwa sababu ziwa linapanda. Kati ya mwisho wa 1961 na 1964 maji ya Ziwa Victoria yalipanda takriban mita 2.5, na Mei 2020 yalivunja rekodi hiyo ya miaka ya sitini. Mita 2.5 katika HO ni karibu sentimita 3, na daraja la gati lazima liyafuate maji popote yaendapo. Ziwa lenu ni la rangi na vanishi. Halijai wala halikauki. Jengeni minara, kamba na magurudumu ya kunyanyulia yaonekane, lakini daraja lenyewe lisisogee hata kidogo. Kila bawaba mnayoongeza ni mahali pengine pa kuanguka. Isitoshe, bawaba ya dukani ikiwa chini ya usawa wa juu wa reli, uwazi kati ya reli unapanuka na kujibana kila daraja likitikisika.

Meli nayo. Meli ya mita 90 katika HO ni sentimita 103, na hapo mtakuwa mmemaliza karibu nusu ya ubao. Ipunguzeni hadi sentimita 75, nyuma ikiwa wazi kuelekea daraja, na njia tatu za sentimita 70 kila moja. Behewa la sentimita 14 pamoja na kiunganishi linachukua 15, kwa hiyo kila njia inabeba manne, jumla kumi na mawili. Mkiwa na sita, meli imejaa nusu, na hiyo inaleta mchezo mzuri zaidi, nitaufikia.

Njia tatu melini, njia moja darajani: je, pointi (reli za kuhamisha treni kutoka njia moja hadi nyingine) mziweke wapi? Msiziweke popote. Acheni meli yenyewe isogee kando. Gundisheni kitambaa cha blanketi chini ya meli nzima, iteleze juu ya "maji" ya plaiwudi iliyopigwa vanishi ikakauka vizuri, ikisogea sentimita 5 kushoto au kulia ili njia mojawapo ikutane na daraja. Ubavuni, ndani ya maji karibu na tezi, pigeni vipande viwili vya mbao vya kuiongoza isizunguke. Upana wa meli uwe sentimita 18, na mwendo wake wote pamoja na nafasi yake ni sentimita 28. Kuisimamisha pale pale kila mara, tumieni makomeo madogo ya shaba ya inchi 2, yale ya kufungia madirisha, moja kwa kila njia, yakifungwa kwenye kigingi cha daraja. Komeo la shaba lina faida ya pili inayokuja kwenye umeme.

Usahihi unaotakiwa kwenye ule mkato, pale reli ya daraja inapokutana na ya meli, ni kama milimita 0.3 kwa kando na 0.2 kwa juu na chini. Namna ya kuupata bila mashine: pande zote mbili za mkato zungusheni skrubu za shaba kwenye mbao, vichwa vikiwa chini ya reli. Zungusheni skrubu kupanda au kushuka hadi reli ziwe sawa kabisa, kisha lehemuni reli juu ya vichwa vya skrubu. Melini mtafanya hivyo mara tatu, kila njia ikiwa imefungwa na komeo lake wakati wa kulehemu. Mkimaliza pitisheni ukucha juu ya mkato. Ukucha ukigonga, gurudumu litagonga. Halafu kwa tupa laini panueni kidogo upande wa ndani wa ncha za reli kama mdomo wa faneli, ili ukingo wa gurudumu ukikosea kidogo uongozwe kuingia badala ya kupanda. Acheni uwazi wa milimita 0.5 hadi 1. Chumba chenye bati bila dari kinachemka mchana na kupoa usiku, na mbao inavuta unyevu wa masika. Mkibana uwazi hadi ufe, mwezi Aprili komeo litagoma kuingia. Vanishi ipigwe juu na chini ya mbao. Mbao iliyopakwa upande mmoja inajikunja kama chapati.

Sasa yale mabehewa mabapa matatu. Katika meli nyingi za aina hii duniani kichwa cha treni hakipandi darajani wala melini. Uzito wake wote uko mahali pamoja, na unaielemea nyuma ya meli. Badala yake kichwa kinasukuma mabehewa mabapa matupu, na hayo ndiyo yanafika melini kushika au kuacha mizigo. Kwenu daraja ni sentimita 40, mabapa matatu ni 45. Yanatosha. Fanyeni hivyo, na tazameni mlichookoa: kama kichwa hakipandi, basi reli za daraja na za meli hazihitaji umeme hata kidogo. Kateni reli zote mbili kwenye mzizi wa daraja kwa msumeno mwembamba, jazeni uwazi kwa kipande cha plastiki. Mtu akisahau akasukuma kupita kiasi, kichwa kinazimika chenyewe.

Nyuma ya daraja inatakiwa njia iliyonyooka. Kichwa sentimita 20, mabapa 45, mabehewa manne 60, jumla 125, wekeni 140. Ndani ya hizo msiweke pointi wala kona. Njia hiyo yote ya sentimita 140 ipate umeme wake kupitia makomeo ya meli: kateni reli moja mwanzoni mwake, kisha umeme wa reli hiyo upitishwe kwenye komeo na kishikio chake, yote matatu yakiunganishwa pamoja, kwa nyaya laini zenye nyuzi nyingi ili meli iendelee kusogea. Meli ikiwa imefungwa, njia ina uhai. Meli ikiwa wazi, njia imekufa, na hakuna behewa litakalosukumwa ziwani. Zile sentimita 15 za ziada ndizo zinazokupa nafasi ya kusimama kabla ya kufika mzizini.

Hapo mnaona kwamba plaiwudi ya futi 8 kwa 4 ikibaki nzima inawanyima kitu. Mtu akiiona anataka kuzungusha duara, na kwa upana wa sentimita 122 kona yake haizidi nusu kipenyo cha sentimita 55 hivi. Kanuni ya wajenzi ni kwamba kona iwe angalau mara tatu ya urefu wa behewa refu kuliko yote. Behewa la abiria la mita 18 ni sentimita 21, linataka 63. Na katikati ya ubao mpana namna hiyo mkono haufiki treni ikianguka. Ichaneni katikati kwa urefu. Mtapata mbao mbili za sentimita 244 kwa 61, mziunge ncha kwa ncha ukutani au kwa umbo la L kwenye kona ya chumba, karibu mita tano za njia. Bandari haizunguki duara. Bandari ni kupanga mabehewa, kwenda na kurudi. Chini pigeni fremu ya mbao za 2 kwa 2 na mihimili kila sentimita 40.

Kuhusu kichwa kinachochoka kikikaribia gati: bila shaka mmeunganisha waya mbili mahali pamoja, mwisho wa pili wa ubao, na umeme unasafiri kupitia vile viunganishi vidogo vya chuma kati ya reli na reli. Kila kimoja kinakula kidogo. Msikubali maneno yangu, pimeni. Lakini kipimo cha volti kikiwekwa kwenye reli tupu kitawadanganya, kitasoma 12 kila mahali. Kwanza wekeni mzigo: balbu ya gari ya volti 12, wati 5, ishikwe na nyaya zake kwenye reli upande wa gati. Ikishawaka pimeni volti kwenye chanzo, kisha gatini. Tofauti ikizidi nusu volti kuna kazi. Halafu, balbu ikiendelea kuwaka, wekeni ncha moja ya kipimo upande huu wa kiunganishi na ya pili upande ule, reli ile ile, kwenye safu ya milivolti. Kiunganishi kizima kinasoma milivolti chache. Kibovu kinasoma mia na zaidi, na mtakijua bila kubishana.

Dawa ya kudumu ni kutokutegemea viunganishi hivyo kabisa. Chini ya ubao pitisheni nyaya mbili za milimita 1.5, zile za kufungia nyumba, moja nyekundu moja nyeusi, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila kipande cha reli kipate waya wake mdogo wa milimita 0.5, usiozidi sentimita 20, kushuka kwenye waya mkubwa. Reli ya mbele daima nyekundu, ya nyuma daima nyeusi; mkichanganya mara moja tu fyuzi itawaambia. Kulehemu kwenye reli kunashinda wengi kwa sababu wanaogopa joto. Woga huo ndio unaoyeyusha mataruma, kwa kuwa chuma dhaifu kinakaa sekunde ishirini kikipasha plastiki badala ya reli. Tumieni chuma cha kulehemu cha wati 40 hadi 60. Kwangueni reli kwa tupa hadi ing'ae, pakeni fluksi ya fundi redio (siyo ile ya fundi bomba, hiyo ina asidi na itakula waya), wekeni tishu iliyolowa pande zote mbili, gusa, sekunde mbili au tatu, ondoa. Wekeni fyuzi ya ampia 2 kwenye chanzo. Hii ni lazima zaidi kama mtatumia betri ya pikipiki siku umeme umekatika: betri haina huruma, reli mbili zikigusana itaunguza waya kabla hujanyanyuka kwenye kiti.

Kuna jambo jingine linalofanana na upungufu wa umeme, nalo ni uchafu. Kwenu linakuja na mabawa. Wale vijidudu vya ziwani wanaotanda kama moshi na kufuata taa, wakifia juu ya reli na magurudumu yakawasaga, inabaki gundi nyeusi. Jioni za namna hiyo funikeni ubao kwa shuka, na zimeni taa iliyo juu yake. Kusafisha tumieni kitambaa cha pamba na spiriti. Msasa hapana, unaacha mikwaruzo inayoshika uchafu vizuri zaidi. Sufi ya chuma hapana kabisa, nyuzi zake zinavutwa na sumaku ya injini na huko hazitoki.

Uzito wa mabehewa mmesahau kuuliza, na ni nusu ya tatizo lenu la kuanguka. Kipimo kinachotumika kwa HO ni gramu 28 za msingi, na kuongeza gramu 14 kwa kila inchi ya urefu. Behewa la sentimita 14 ni inchi tano na nusu, linatakiwa kama gramu 105. Mabehewa mengi ya dukani hayafiki hapo. Na yale mabapa ya kusukumia, ambayo ni mepesi kuliko yote, ndiyo yanayobanwa katikati ya kichwa na mzigo. Mjini kwenu uzito hautafutwi mbali: risasi za kuzamishia nyavu, gundisheni chini ya sakafu, katikati ya bogi na bogi, chini iwezekanavyo. Nawa mikono baada ya kushika risasi, na watoto wasiguse.

Mchezo wenyewe sasa. Meli ya kweli ikipakiwa upande mmoja inalala upande huo, na reli za sitaha hazikutani tena na za daraja. Kwa hiyo wekeni sheria: ubavu mmoja usizidi mwingine kwa zaidi ya behewa moja lenye shehena, na njia ya katikati ndiyo ya kusawazisha. Andikeni kadi ya kila behewa: shehena gani, linakwenda Port Bell, Jinja au Kisumu, limetoka Isaka au Tabora. Mmoja ni dereva, mmoja anapanga, wa tatu ni afisa wa meli mwenye haki ya kukataa. Kwa mabehewa sita tu, kupanga meli ili yanayoshuka kwanza yapakiwe mwisho kutawamaliza saa nzima. MV Umoja, meli halisi ya kubebea mabehewa iliyojengwa miaka ya 1960, ilirudi kupeleka mabehewa Port Bell mwaka 2018. Kwa hiyo mnaweza kuweka mfano wenu enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki au za karibuni, ila chagueni moja kabla ya kupaka rangi mabehewa.

Vipimo vya majengo na mabehewa, nendeni mkachukue. Bandarini na yadini ombeni ruhusa kwa msimamizi kabla ya kutoa simu ya kupiga picha, na semeni wazi ni kwa ajili ya nini. Pigeni picha ubavu kwa ubavu, mkiwa mmesimama mbali, na mara moja pigeni behewa lile lile kwa mbele reli zikionekana: geji ya milimita 1,000 ndiyo rula yenu, kila kitu kingine kwenye picha kinapimwa kwayo. Na mkipata nafasi pandeni treni hadi Tabora. Njiani, Fela, Malampaka, Shinyanga, hesabuni mataruma na mtazame yadi ndogo zilivyopangwa, lakini uhondo uko Tabora, ambako treni za Mwanza na za Kigoma zinaachana na kuungana. Shanting ya pale, jinsi kichwa kinavyozunguka na mabehewa yanavyogawanywa, ndiyo mtakayoirudia kwenye ubao wa pili.

Mawe yaacheni mwisho. Kila anayejenga Mwanza anakimbilia Jiwe la Bismarck kabla reli haijapita. Halafu vumbi la kuchonga povu gumu jeupe, lile linalofungashiwa friji, linaingia kwenye pointi. Zamu ya mawe ikifika, chongeni povu hilo kwa kisu, mviringo juu ya mviringo, pakeni plasta nyepesi, kijivu chenye madoa ya kutu chini ya nyufa. Maji ya karibu na gati yawe ya kijani iliyochanganyika na kahawia. Buluu ni ya mbali. Magugu maji ni sponji ya kuoshea vyombo iliyokatwakatwa, yakusanyike kwenye kona ambako upepo ungeyasukuma, yasitawanywe kama mapambo.

Kabla ya kugundisha kokoto hata moja, fanyeni jaribio hili: mabapa matatu mbele, mabehewa manne matupu mbele yake, msukume kuingia melini na kuvuta, mara kumi kwa kila njia, mwendo wa polepole kabisa. Mara thelathini bila kuanguka, gundisheni. Likianguka mara mbili mahali pamoja, kosa ni la reli. Behewa lile lile likianguka mahali tofauti tofauti, kosa ni la behewa: ligeuzeni mbele nyuma mjaribu tena, na kosa likihama nalo, pimeni magurudumu yake.